Hot yoga imenifundisha kujitawala kuliko motivesheni spika wote, karibuni tuongee

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu,

Nimekuwa nasoma nyuzi za humu za watu wanaolalamika kwamba hawawezi kuacha simu, hawawezi kuweka hela, wakichokozwa kidogo tu wameshatukana, na majibu huwa ni yale yale, amka saa 10 alfajiri, ogea maji ya baridi, andika malengo ubandike ukutani. Sawa, wanaofaidika nayo wafaidike. Mimi leo nalileta la kwangu, mtanicheka ila sawa tu.

Niko Uingereza kaskazini huku, mbeba boksi wa kawaida, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, shifti nyingi za usiku. Hot yoga nilipelekwa na dada mmoja Mpolandi tunafanya naye kazi na niseme ukweli yoga yenyewe sikuifuata, nilifuata joto. Huku mwezi wa kwanza gesi ya nyumbani unaipiga chabo kama luku iliyobaki yuniti mbili, sasa mtu akikwambia kuna chumba kina nyuzi 40 na ofa ya mwezi wa kwanza ni bei ya kutupa, unaingia kwanza, kinachofanyika humo ndani utajua mbele ya safari.

Kwa wasiojua, hii ninayofanya mimi ni ile ya mtindo wa Bikram. Chumba kinapashwa mpaka nyuzi 40 na kitu, unyevu wa hewa asilimia 40, darasa dakika 90, mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, moja la kufungulia na moja la kufungia. Mpangilio haubadiliki, ukienda London ukienda Toronto ni ile ile, na kila mkao unarudiwa mara mbili. Mwalimu haonyeshi kitu, anatembea katikati yenu anaongea tu, wewe unasikiliza na kufanya. Mbele yenu kuna kioo cha ukuta mzima. Yaani saa moja na nusu unajiangalia mwenyewe, tumbo lako, magoti yako, uso wako ulivyokunjamana, hakuna pa kujificha.

Halafu kuna masharti na hapa ndipo penye uzi wenyewe. Unapumua kwa pua. Macho hayafumbwi. Maji hunywi mpaka mmalize mkao wa tatu, na baada ya hapo unakunywa kati ya mkao na mkao, sio katikati ya mkao. Jasho hulifuti. Mgeni siku ya kwanza anaambiwa kazi yake ni moja tu, abaki chumbani, akizidiwa akae au alale kwenye mkeka wake, lakini asikimbilie mlangoni.

Hilo la jasho nililiona la kijinga kabisa. Sasa kuna mkao unasimama kwa mguu mmoja, goti umelikaza, unainama unashika unyayo wa mguu wa pili kwa mikono miwili vidole vimefungamana, halafu unaunyoosha ule mguu mbele. Mikono imelowa, unyayo umelowa, kila kitu kinateleza. Na hapo hapo tone linatoka kwenye paji la uso, linashuka taratibu pembeni ya pua, linafika kwenye ncha linaning'inia. Unaliona kwenye kioo. Linawasha balaa. Mwili mzima unakwambia futa, futa, futa, na ukifuta umeachia mguu, umeanguka. Basi unaliacha. Linadondoka lenyewe. Muwasho unaisha wenyewe. Linakuja jingine.

Nikifanya hivyo wiki hadi wiki nikaanza kuona kitu, kwamba kati ya kusikia hamu na kuitii hiyo hamu kuna nafasi, ndogo lakini ipo, na ukiwa humo ndani unaweza kuchagua. Hakuna aliyenihubiria, nimeiona kwenye pua yangu mwenyewe.

Mfano wa nje ya yoga. Wabeba boksi wenzangu mtanielewa, zile meseji za nyumbani saa 7 usiku, "dada shikamoo, kuna tatizo kidogo". Zamani ndani ya dakika mbili nimeshatuma hela ambayo ni ya kodi ya nyumba, au nimeshamporomoshea mtu maneno halafu mwezi mzima hatuongei. Saivi naisoma, nasikia kifua kinapanda, nasikia ile hatia tunayoijua wote, naiacha ipite kama lile tone. Asubuhi nafungua akaunti naangalia nina nini, ndio najibu. Mara nyingine natuma, mara nyingine nasema sina, na nikisema sina nalala. Kwangu huko ndiko kujitawala. Sijawa na sita paki na wala sijapungua kihivyo.

Karibuni, hata wapinzani.

#2

Dada mleta uzi unalipia joto? Kwa pauni? Njoo Tandale mwezi wa pili TANESCO wakate umeme, utafanya hizo hoti yoga mpaka uombe poo na hakuna wa kukudai kiingilio 😂😂

#3 Mleta uzi

😂😂 Nilijua hii inakuja. Mkuu Dar mwezi wa pili mchana inacheza kwenye 32, 33, huku chumbani ni 40. Ila hata ingekuwa sawa, Tandale ukisikia joto unavua shati, unajipepea na daftari la mtoto, unatoka kibarazani, unalaumu serikali. Chumbani vyote hivyo umenyimwa na umejinyima mwenyewe kwa hiari, tena umelipa. Hiari ndio mchezo wenyewe.

#4

Mimi ni mpinzani na nitaongea kiungwana.

Kwanza wadau wajue huo mtindo umetoka wapi. Bikram Choudhury ni mtu wa Calcutta, mwanafunzi wa Bishnu Ghosh ambaye ni mdogo wake Yogananda yule aliyeipeleka yoga Marekani mapema kabisa. Bikram akahamia California miaka ya 70 mwanzoni, akawa anafundisha mastaa wa Hollywood, akafungua mtandao wa studio dunia nzima, magari ya kifahari, saa za dhahabu, alikuwa anafundisha kavaa kichupi cheusi kakaa juu ya kiti kama chifu. Kuanzia 2013 wanawake waliokuwa wanafunzi wake wakaanza kwenda mahakamani wakimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, wengine ubakaji. Yeye amekanusha. 2016 baraza la mahakama Los Angeles likaamua amlipe aliyekuwa mwanasheria wake, Minakshi Jafa-Bodden, mamilioni ya dola kwa kumnyanyasa na kumfukuza kazi. Hakulipa, akaondoka Marekani, 2017 ikatolewa hati ya kumkamata.

Sasa swali langu dada. Hao wanafunzi walikuwa na nidhamu kuliko wewe na mimi. Mafunzo ya ualimu yalikuwa wiki 9, madarasa mawili kwa siku kwenye hilo joto, usiku mihadhara mpaka saa nane saa tisa. Walifundishwa hicho hicho unachokisifia, vumilia, usitoke chumbani, mwili ukilalamika usiusikilize. Na wengi wao walisimulia kwamba hiyo hiyo ndio iliwafanya wachelewe kusema hapana. Kwa hiyo unaposema yoga ya joto inampa mtu nguvu juu ya maisha yake mimi nauliza, nguvu ya nani?

#5

Mkuu #4 umeua. Ngoja nivute kiti.

#6 Mleta uzi

#4 ahsante, hili swali nililitaka na ningeshangaa lisingekuja.

Hujakosea popote. Na nakuongezea, hata leo kuna walimu wa hivyo, wameachana na jina ila ukali wameubeba. Niliwahi kuingia studio moja sitaitaja, dada mmoja kapauka midomo anataka kutoka, mwalimu anamkemea kwa maiki mbele ya watu wote, "mlango sio mkao!" Yule dada akarudi kulala, anatetemeka. Mimi nikasimama nikamshika mkono tukatoka naye. Hiyo studio sikurudi tena na hela ya kifurushi ikaishia hapo.

Nilivyokuja kuelewa ni kwamba kuna vitu viwili vinafanana sana kwa nje. Mtu anayebaki chumbani kwa sababu ameamua, na mtu anayebaki kwa sababu anaogopa kuonekana dhaifu. Ukiwapiga picha huwezi kuwatofautisha, wote wamelowa wote wamekaza meno. Wa kwanza akizidiwa atakaa chini bila kuomba radhi. Wa pili atakaa chini anamwangalia mwalimu usoni. Huyo wa pili hajajitawala, anatawaliwa, na joto linamzidishia tu utii. Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba nidhamu bila ruhusa ya kukaa chini ni jeshi, na jeshi lina kazi zake ila sio kumkomboa mtu.

Mwalimu wangu wa saivi, mama wa miaka 60 na kitu, kila darasa anaanza kwa kusema mkeka ni wako, kukaa ni haki yako. Na ukikaa hakuangalii kabisa, anaendelea kuongea kama hakuna kilichotokea. Nakwambia kujifunza kukaa chini mbele ya watu 30 waliosimama kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza kusimama kwa mguu mmoja. Sisi tumelelewa "komaa, usiwe legelege", shule tumechapwa kwa kusinzia. Kukaa huku kioo kinakuangalia ni ushujaa wa aina yake.

Na halafu mkuu, ile mikao haikuwa yake. Alijaribu kuiwekea hakimiliki, akawa anawashtaki wanaofundisha bila kumlipa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa Marekani ikasema huwezi kumiliki mpangilio wa mikao ya yoga, ni utaratibu wa mazoezi, ni wa wote. Baada ya hapo na ile aibu studio nyingi zikafuta jina lake mlangoni, wengine saivi wanaita "26 na 2" tu. Mwenye nyumba kafukuzwa, wapangaji wamebaki, napenda sana hiyo.

#7

Mimi ni nesi, nilikuwa Muhimbili enzi hizo, saivi niko sekta binafsi. Niseme ya afya kabla watu hawajaenda kujifungia na jiko la mkaa chumbani, NAOMBENI MSIFANYE HIVYO, mkaa chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi unalala huamki.

Moja, hiyo habari ya kutoa sumu kwa jasho ni chai. Jasho karibu lote ni maji na chumvi. Sumu zinatolewa na ini na figo, na ukikausha mwili maji unazipa figo kazi ngumu zaidi.

Pia watu wanadhani wakilowa wamechoma mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walipima, dakika 90 nzima wanaume wanachoma kama kalori 460 na wanawake 330, yaani ni kama umetembea kwa haraka muda huo huo. Uzito unaopungua siku hiyo ni maji, ukinywa unarudi.

Kingine, Texas 2018 walichukua watu wa umri wa kati, kundi moja likafanya hiyo mikao 26 kwenye joto, jingine mikao hiyo hiyo kwenye chumba cha kawaida, wiki 12. Mishipa ya damu ilifanya kazi vizuri zaidi kwa makundi yote mawili. Joto halikuongeza chochote hapo. Kwa hiyo mtu wa Bongo usijione umekosa kitu, mkeka na feni vinatosha.

Ila kwa upande wa akili nampa dada pointi. 2023 hospitali ya Massachusetts General, Boston, walitoa matokeo ya watu wenye sonona waliofanya yoga ya joto wiki 8. Karibu 6 kati ya 10 dalili zilipungua kwa nusu au zaidi, wakati kwa waliokuwa wanasubiri zamu yao ni chini ya 1 kati ya 10. Na kwa wastani walihudhuria kama mara moja kwa wiki tu, hawakukesha huko. Ni utafiti mdogo, kundi la pili lilikuwa linasubiri tu halikupewa zoezi lolote, kwa hiyo msiache dawa.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, wenye presha hasa mnaokunywa vidonge vya kukojoza, kaeni mbali au muone daktari kwanza. Kuna watu walipimwa Wisconsin, wazima kabisa, na mmoja joto la ndani ya mwili lilipita kidogo nyuzi 40. Kichwa kikianza kugonga, ukisikia baridi wakati chumba kina moto, ukiacha kutoka jasho, TOKA. Hapo hakuna nidhamu. Na msinywe ndoo ya maji matupu, chumvi ya damu inashuka, weka ORS.

#8

Nesi ubarikiwe.

Swali kwa mleta uzi, hiyo ya joto kuwa gumu siku za mwanzo halafu unazoea, ni akili imekomaa au mwili umezoea? Maana isije ikawa unaita nidhamu kitu ambacho ni mwili tu.

#9 Mleta uzi

Vyote mkuu. Mwili una lake, ukikaa kwenye joto mara kwa mara ndani ya wiki moja mbili unabadilika, damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linakuwa na chumvi kidogo, moyo haukimbii sana. Hiyo hata mlinzi aliyehamia Dubai inamtokea bila yoga. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu ana roho ngumu kwa sababu anavumilia nyuzi 40, huyo ni figo na ngozi yake ndio zimefanya kazi.

Lakini mwili ukishazoea ndio unaanza kuchoka KIAKILI, hili hawakwambii. Mikao ile ile, mpangilio ule ule, maneno yale yale ya mwalimu, unajua kabisa saa ngapi mkao wa ngamia unakuja na wewe mkao wa ngamia unauchukia, unapiga magoti unapinda mgongo nyuma unashika visigino, kifua chote kiko wazi, kichefuchefu, wengine wanatoka machozi bila sababu. Hakuna jipya la kukuvutia. Kurudi ukiwa huna mzuka wowote, umetoka shifti, mvua, ndio sehemu ninayoiita nidhamu mimi. Ugumu wenyewe ni kwenye kuchosha kwake, joto ni geti la kuingilia.

#10

Ndugu zangu mnacheza na moto. Yoga ni ibada ya Wahindu, kila mkao ni wa mungu wao, mnafungua milango bila kujua halafu mnakuja humu kulia ndoa zimevunjika. Nimemaliza.

#11

Assalam aleykum. Mimi niko Unguja, #10 nakuheshimu ila hili limeshajadiliwa na watu wenye elimu. Malaysia 2008 baraza la fatwa lilikataza yoga yenye kuimba na kuabudu ndani yake. Saudia hapo hapo Makka ilipo, 2017 wakairuhusu kama mchezo na wanawake wanafundisha. Kwa hiyo wanazuoni wenyewe wametofautiana, kila mtu amuulize sheikh wake. Tatizo langu mie ni hizo nguo na kuchanganyika wake kwa waume chumba kimoja kila mtu yuko nusu uchi, hapo sitii mguu. Dada kuna ya wanawake peke yao?

#12 Mleta uzi

Waalaykum salaam mpenzi. Ipo, studio nyingi huku zina darasa la wanawake tu walau mara moja kwa wiki, uliza. Na nguo sio lazima ziwe fupi, kuna dada wa Kisomali tunafanya naye kavaa leging ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba chepesi, analowa kuliko sisi ila mkao wa upinde anautandika hakuna anayemfikia. #10 darasani kwetu hakuna anayeimba chochote, tunachosikia ni "kaza goti, kaza goti". Mimi bado naenda kanisani na kwaya naimba.

#13

Wadau wa Bongo salimieni Nairobi. Nimesoma uzi wote nikaona niweke ya huku. Hapa tuna Africa Yoga Project, ilianzishwa 2007 na Mmarekani anaitwa Paige Elenson pamoja na mwalimu wake Baron Baptiste, na ile style ya Baptiste pia huwa wanafanya kwa room ya moto, ingawa sio kali kama hiyo ya dada. Wamefundisha vijana wengi wa mtaa, Kibera na kwingine, wakawa walimu, na wanalipwa. Mimi nimekuwa student wa mmoja wao. Na wacha niwaambie, huyo jamaa hakuwahi kutuambia kuhusu empowerment ama nini, alikuwa anatuambia tu "fika saa kumi na mbili, ukichelewa mlango umefungwa". Kijana wa mtaa ambaye hajawahi kuwa na kazi ya kuamkia, kuwa na kitu saa kumi na mbili asubuhi kinachomngoja yeye, hiyo peke yake imegeuza watu nikiona. Kwa hivyo mimi nadhani hata hizo poses si lazima. Ingekuwa ngumi, ingekuwa choir, bora kuna saa na kuna mtu anakungoja.

#14

#13 hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Kwa hiyo tukubaliane ni ratiba, sio yoga.

#15 Mleta uzi

#14 sikubali yote. Ratiba ninayo kazini na haijanifundisha kujitawala, imenifundisha kuchoka. #13 kasema kitu kikubwa ila kijana wake alikuwa anakwenda kwa hiari, akilala hafukuzwi kazi. Na ngumi tofauti yake ni kwamba hasira yako unampiga mwenzio au gunia, inatoka. Kwenye huu mkeka haina pa kutokea, lazima uitazame kwenye kioo mpaka ichoke. Lakini kama ngumi inakufaa, piga ngumi, mimi siuzi kifurushi.

#16

Dada niko Mbeya, baridi kama huko kwako 😀 studio hakuna, hela hakuna. Naanzaje?

#17 Mleta uzi

Mbeya raha, angalau hutolalamika joto. Heater usinunue na mkaa umeshamsikia nesi. Chukua mkeka wa kawaida ama hata kanga mbili juu ya zulia, asiwepo mtu wa kukuchungulia, simu iache chumba kingine, sio mfukoni, CHUMBA KINGINE. Usile masaa mawili matatu kabla. Usianze na mikao yote, chukua ile ya kusimama ya mwanzo, mwezi nusu, kiti, tai, kila mmoja mara mbili, na kioo kama unacho hata cha kabati. Pua tu, mdomo umefungwa. Ukiwashwa usijikune mpaka mkao uishe, anzia hapo hapo.

Ukimaliza lala chali, mikono pembeni, visigino vimegusana, dakika mbili, macho wazi unaangalia dari. Usiiruke hii. Wengi wanaikimbia wanasema wameshamaliza zoezi, mara wamekumbuka maharage jikoni, mara mtoto kaita. Mimi nakwambia hizo dakika mbili ni ngumu kuliko ngamia.

Naingia shifti saivi. Jumamosi niko off, atakayejaribu aje hapa aseme ameishia mkao wa ngapi na kimemtoa nini.